Chupa Kumi na Mbili za Rapsu

Mtu akikaa na mikojo ya watu miaka ishirini na kitu, lazima mji umpe jina, na Isiolo haikuona haya. Walimwita Daktari wa Mikojo. Hakuwa daktari. Alikuwa mpimaji wa maabara ya hospitali, chumba kimoja nyuma ya wodi ya wanaume, chenye dirisha lililotazama mgunga mmoja na kamba ya kuanikia mashuka. Mimi nilimwita Mpimaji tu, mbele yake na nyuma yake, na nadhani ndiyo sababu tulipatana.

Nilikuwa dereva wa lori. Babu yangu alikuja Isiolo na jeshi la Mwingereza, akapewa kipande cha ardhi badala ya kurudishwa kwao, na tangu hapo ukoo wetu ni wa kubeba: ng'ombe kwenda Nairobi, unga na sukari kurudi. Mpimaji alikuwa Mmeru aliyepanga chumba kwenye ploti iliyopakana na yetu pale Bulla Pesa. Kwa kuwa lori langu lilishuka Nairobi karibu kila wiki, nikawa posta yake. Sanduku la mbao lenye chupa za kupimwa kwenye maabara ya Nairobi lilikaa chini ya kiti changu, limefungwa kwa kamba ya mkonge, na kila nilipolipokea nilimwambia kwamba huko nyuma nina ng'ombe kumi na wanane wanaokojoa bure, hakuna anayewafungia kamba. Alinijibu siku zote kwamba wa kwangu hawajaandikwa majina.

Kucha zake zilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Alitembea akiwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kwa mazoea ya kutazama vitu kwa kimo cha jicho. Ukimpa glasi ya maji hotelini aliiinua juu kwenye mwanga, akaizungusha, akaitazama mpaka mwenye hoteli akanuna, ndipo akanywa. Lakini nyumbani kwa mtu hakufanya hivyo kamwe. Nimemwona akiwaambia watu wa Rapsu, kijiji cha mashamba ya kumwagilia, mchana kutwa wasinywe maji ya mfereji, kisha akaingia kwa dada yangu Safia akapewa maji hayo hayo kwenye kikombe cha bati, akayanywa yote, akaomba mengine. Nilipomuuliza njiani alikasirika. Alisema mtu akikukaribisha humpimi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na asiyemjua angemwona mnafiki. Mimi nilimwona mtu mwenye kazi mbili zisizoweza kukaa kwenye mwili mmoja.

Alipenda kufundisha, na hakuchagua mwanafunzi. Siku moja mezani kwangu alitia chumvi kidogo kwenye kikombe cha maji, akaniambia nionje. Ilikuwa chumvi. Akamimina kikombe kile kwenye ndoo ya maji, nikaonja, nikasema labda. Kisha akaniuliza, kama angeimwaga ile ndoo kwenye tangi la msikiti, chumvi ingekuwepo au isingekuwepo? Nikasema ingekuwepo. Ningeisikia? Nisingeisikia. Akaridhika, akasema basi ulimi wangu ndio maabara yake, na kwamba Nairobi wana ulimi mrefu zaidi, lakini hata wao kuna mahali unapofika unakoma. Neno lake kubwa lilitoka hapo. Majibu yaliporudi yamepigwa muhuri wa "haikupatikana", alikuwa akiyakunja mara nne na kusema, "Haikupatikana si haipo."

Alichokuwa akitafuta ni dawa ya majani, ile ya kuua magugu. Ukame wa miaka ya sabini ulipomaliza mifugo, Safia na mumewe, Guyo, ambaye ni Mborana wa Kinna, walihamia Rapsu wakapewa kipande cha shamba kwenye mfereji. Safia alitoka kwenye nyumba ya mabati mjini akaenda kupanda nyanya na mahindi, na sikumsikia akilalamika. Ofisi ya mradi wa umwagiliaji ikaleta mapipa ya dawa ya kuua magugu, ya kupuliziwa kando ya mfereji na ndani yake pia pale magugu yalipoziba maji. Wanaume walibeba pampu mgongoni, miguu mitupu, dawa ikiwachuruzika kiunoni. Wanawake walichota maji upande wa chini. Hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu magugu yalikufa kweli kweli, na mtu aliyezoea kung'oa kwa mikono hawezi kuichukia dawa kama hiyo.

Mpimaji aliishuku siku alipoletewa mpulizaji mmoja ambaye ngozi ya mgongo ilikuwa imeambuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Alikwenda ofisini kwao kuuliza. Bwana wa ofisi alimpa kiti, akampa chai, akamwambia maneno ambayo Mpimaji alinirudilia mara nyingi mpaka nikayajua kwa moyo: alete karatasi yenye muhuri inayosema dawa imepatikana kwenye maji ya kunywa au kwenye miili ya watu, na mapipa yatarudi yalikotoka siku hiyo hiyo. Basi ikawa hivyo. Kilichokuwa kati ya watu wa Rapsu na yale mapipa ni karatasi moja.

Yeye mwenyewe alikuwa na kipimo kimoja tu cha dawa ile. Mkojo kidogo kwenye kijichupa cha kioo, ncha ya kijiko ya magadi, kisha unga mweupe unaonuka kiberiti. Kama dawa iko nyingi mwilini, mkojo unageuka buluu. Unga wenyewe ulikuwa ukiharibika ukiachwa wazi, kwa hiyo alikuwa akiujaribu kila mwezi kwa tone la dawa yenyewe, kuona kama bado unaona. Kipimo hicho kilikuwa cha kweli lakini kilikuwa kipofu kwa vitu vidogo. Wapulizaji waliopimwa wakiwa wagonjwa wa kichwa na macho, mikojo yao ilibaki njano. Mpimaji aliniambia siku moja, akifuta meza, kwamba kipimo chake kinawaona tu wale ambao wameshakufa ila hawajaambiwa. Nilidhani anatia chumvi.

Cha Nairobi ndicho kilichoona vitu vidogo. Alinieleza: kuna kioo kimepakwa unga mweupe, tone la maji yako yaliyokaushwa linawekwa chini, kioo kinasimamishwa kwenye kemikali, kemikali inapanda taratibu kwenye ule unga ikibeba kila kitu, na kila kitu kinachoka na kusimama mahali pake. Ukijua dawa ya majani husimama wapi, unatafuta doa pale. Lakini ni lazima sampuli iwe safi na isikae juani, na barabara yetu haikujua hayo. Barafu niliyopewa ilikuwa imekwisha kabla sijafika Timau, hata robo ya njia. Mara ya kwanza chupa zilikaa mapokezi siku nyingi, juu ya kabati lililopigwa na jua, na majibu yaliporudi baada ya miezi yalikuwa yale ya kukunjwa mara nne.

Kupata mikojo yenyewe ilikuwa vita nyingine. Mkojo ni najisi, na mtu mzima mwenye kuswali hawezi kufurahia kupita sokoni akiwa na mkojo wake mkononi. Kundi moja la wapulizaji sita lilileta vijichupa sita, vyote vya rangi moja, uzito mmoja, na sukari moja. Mpimaji alivitazama, akawatazama, akauliza kwa upole ni nani kati yao mwenye kisukari. Walikuwa wamempa mzee mmoja asiye na haya awajazie wote. Aliwaambia mficha uchi hazai, akawarudisha chooni mmoja mmoja. Walipomaliza kucheka, mmoja alikubali kuwa mbeba vijichupa wa wenzake, na tangu hapo wapulizaji wakamwamini kuliko walivyotuamini sisi majirani.

Kisha ikaja nafasi. Kulikuwa na mtu ndani ya ile maabara ya Nairobi, mwenzake wa chuoni, aliyemwambia kwamba wiki fulani kioo kitakuwa wazi, na kwamba wakileta chupa kumi na mbili zote pamoja, zikafika Jumatatu asubuhi, zitapimwa siku hiyo hiyo. Nne za maji, nne za maziwa, nne za mikojo. Sijapata kumwona mtu akiosha chupa vile. Aliziosha kwa sabuni, akasuuza mara tatu, akazisuuza kwa spiriti, akazikausha kwenye oveni ya kukaushia vyombo, akaziziba. Mimi nikazipeleka Rapsu kwa Safia, kwa kuwa yeye alijua kusoma na angegawa bila kuchanganya. Maelezo yalikuwa kwenye karatasi: ujaze, uzibe, uandike, uweke kivulini.

Karatasi haikusema usifukize. Nani angewaza kuandika hivyo?

Asiyewajua Waborana aelewe kwamba maziwa hayaingii kwenye chombo kisichofukizwa. Kaa la mti wenye harufu nzuri linatiwa ndani ya kibuyu, linatikiswa, moshi unaingia, na chombo kinakuwa kisafi na maziwa yanakaa. Mwanamke anajulikana kwa moshi wake. Safia hakuzaliwa kwao, alifundishwa na mama mkwe wake, na kama wafanyavyo wageni wenye bidii, alimpita mwalimu. Alipofungua zile chupa zikamnukia spiriti, aliona haya. Alizipindua juu ya moshi moja moja, zote kumi na mbili, hata za mikojo, ndipo akagawa.

Nilizichukua Jumapili. Nakumbuka kabini ilinukia vizuri njia nzima, harufu ya nyumbani kwa watu. Nilijua ni moshi. Sikusema kitu kwa sababu sikujua kuna cha kusema, na zaidi ya hapo nilijivunia dada yangu.

Kwenye kioo, moshi ulipanda kutoka chini mpaka juu, mstari mmoja mpana wa kahawia kwa kila chupa, na chochote kilichokuwa chini yake hakikuonekana. Karatasi ilisema "sampuli hazifai". Maabara haikutupa zamu nyingine.

Mpimaji alikwenda Rapsu mwenyewe kumwambia Safia, kwa sababu aliamini majibu hupelekwa kwa mwenyewe. Nilikuwepo. Alimsalimia salaam aleikum kama alivyowasalimia Waislamu wote, akakaa kwenye kigoda, akamweleza.

"Zilikuwa zinanuka hospitali," alisema Safia. "Mimi niliona aibu maji yetu yaende Nairobi na hiyo harufu."

"Si makosa yako, Mama Abdi. Mimi ndiyo sikuandika."

Alimwambia hivyo mara tatu siku ile, na Safia aliitikia mara tatu, na nilimjua dada yangu vya kutosha kujua kwamba neno lile halikumwingia hata mara moja.

Miezi minne baadaye, Guyo alitoka shambani adhuhuri na kiu. Wapulizaji walikuwa wakijipimia dawa kwenye chupa za soda, maana ndicho kipimo kila mtu anacho, na dawa ile ni nyeusi nyeusi kama soda yenyewe. Alinyanyua mojawapo akidhani ni soda, akavuta funda moja. Nusu aliitema. Akasukutua, akacheka, akamwambia mkewe kwamba soda ya mradi haina gesi. Kesho yake midomo na ulimi vilikuwa vimebabuka, nikawaleta hospitali kwa lori.

Nilisimama mlangoni mwa maabara Mpimaji akitia magadi, kisha unga. Mkojo ulikuwa wa buluu kabla hajauweka mkono chini. Haukuwa buluu ya mbali ya kubahatisha, ilikuwa ya wino wa shule. Aliuweka kwenye kibao cha mbao, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilimuuliza maana yake. Alinitoa nje mpaka chini ya kamba ya mashuka.

"Ikiwa rangi hii, hawarudi," alisema. "Atakaa sawa siku chache. Usidanganyike."

Na alikaa sawa. Hilo ndilo lililotumaliza. Guyo alikaa kitandani, akaomba chai isiyo moto kwa sababu ya ulimi, akamtania nesi, akaniuliza bei ya mafahali Nairobi. Madaktari walimtapisha, wakamnywesha udongo wa kunyonya sumu uliokorogwa na maji, walifanya walilolijua. Siku ya tano alianza kuhema. Siku ya tisa hakukuwa na hewa duniani iliyomtosha, na nilimshika mabega nikimwona anazama kwenye kitanda kikavu. Nimebeba maiti kwenye lori langu kabla ya hapo na baada yake, lakini sijawahi kulia nikiendesha isipokuwa siku ile.

Safia alisema neno moja tu kitandani pale. Alisema mapipa yangekuwa yamerudi. Hakumwambia mtu, alikuwa akizihesabu chupa zake.

Aliporudi Rapsu hakufukiza tena. Vibuyu vyake vilikaa vimesuguliwa kwa mchanga, maziwa yake yakachacha mapema, wateja wa Kinna wakalalamika, na mama mkwe wake akamwambia mbele za watu kwamba anawapa watoto maziwa ya mtu asiye na nyumba. Alisikiliza yote, akaendelea kusugua. Watoto walizoea. Mimi nilijaribu kumwambia yale ya Mpimaji, kwamba karatasi haikusema usifukize, akaniambia nikanywe chai.

Mpimaji naye alibadilika, nikadhani ni huzuni ya kawaida. Aliacha kuja kwangu jioni kucheza drafti. Alinipa sanduku mara chache, kisha akaacha. Tulipokutana aliuliza hali ya Safia kwa haraka, akatazama pembeni, akasema ana kazi. Watu wa hospitali walisema bado anaujaribu ule unga wake kila mwezi, na mikojo ya buluu iliendelea kuja, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa kukata tamaa. Mapipa yaliendelea kuletwa. Alipostaafu alihamia upande wa Leparua, kwenye boma la rafiki yake, akafuga mbuzi wachache.

Nilikwenda kumwona mara moja tu huko, mwishoni mwa miaka ya themanini, na si mimi niliyetaka. Safia alisikia kwamba kifua kimemshika na hatoki nje. Alikuja mjini, akaniambia nimpeleke, kuna jambo anataka kumuuliza akiwa bado anaweza kujibu. Kipindi hicho nilikuwa nimeuza lori, nina pikapu.

Tulimkuta amekaa kwenye ngozi, blanketi mabegani, mchana wa jua kali. Mikono ilikuwa ile ile. Alipomwona Safia alijaribu kuinuka, akashindwa. Dada yangu alimsalimia habari, kwa heshima ya Ukristo wake, naye akaitikia salaam, kila mtu akiwa ameazima mlango wa mwenzake. Safia hakungoja chai.

"Mzee, mimi nataka jibu moja. Kama ningeleta zile chupa bila moshi, baba ya Abdi angekuwa hai?"

Nilimtazama, nikiomba aseme hapana. Neno dogo tu. Hakuna ambaye angempima.

"Nilipeleka zingine," alisema.

Safia hakuelewa, nami sikuelewa.

"Wiki mbili baada ya zako. Nilichukua likizo, nikaja Rapsu na basi, nikatembea mpaka mfereji asubuhi. Chupa tatu. Nilipeleka Nairobi mwenyewe, nimezipakata. Yule rafiki yangu akaziweka katikati ya kazi ya watu wengine."

"Ikasema nini?"

"Imepatikana. Zote tatu."

Nilimuuliza mimi karatasi iko wapi, na sauti yangu ilikuwa mbaya. Alieleza akitazama blanketi. Aliipeleka kwa bwana wa ofisi. Bwana akaisoma mpaka mwisho, akamuuliza kama kuna nakala. Akasema hakuna. Bwana akaiweka kwenye droo, akamwambia mapipa ni msaada na msaada haurudishwi, kisha akamuuliza, kwa upole, watoto wake wako shule gani. Nakala ilikuwepo. Aliichoma kwenye jiko siku hiyo hiyo.

Nikapiga hesabu. Guyo alikuwa na miezi mitatu na nusu ya kuishi siku karatasi ile inawekwa kwenye droo. Na mtu huyu alikuja mazishini, akakaa na sisi matanga, akamwona dada yangu akijimaliza kidogo kidogo miaka kumi, na mdomo wake ukakaa umefungwa. Nilitaka kumpiga. Mzee mgonjwa, na mimi nilikunja ngumi. Nikamuuliza kwa nini hata baada ya kustaafu hakusema.

"Nilifikiri ni afadhali ajue hakuna karatasi," alisema, "kuliko ajue ilikuwepo, na watu waliisoma."

Safia alikuwa amekaa mikono mapajani. Hakulia. Alikuwa akimtazama Mpimaji kama unavyomtazama mtu anayekuelekeza njia ya mbali, ukijaribu kushika kila kona.

"Miaka hii yote mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kulaumu," alisema, "na huyo nilikuwa namjua. Siku zingine hata nilikuwa namsamehe. Sasa umenipatia watu sijui majina yao."

Akainuka, akafunga mtandio wake, akaniambia niwashe gari.